Sura ya Tisa: Ndoo ya Saa Kumi

Kesi ilikuwa imeiva kabla haijainjikwa. Alhamisi, saa tatu asubuhi, Mkuu wa Kituo aliisukuma mezani kwa Sajini: karatasi mbili za maelezo, hati ya mashtaka isiyo na sahihi, na mfuko wa nailoni wenye glavu moja ya mpira, ya manjano, iliyopasuliwa juu.

"Amekiri," alisema. "Kwa kinywa chake, bila kuguswa hata ukucha. Saa nane awe mbele ya hakimu. Kuua bila kukusudia. Tia sahihi."

Sajini alivuta kiti akakaa. Kalamu aliiacha mfukoni.

"Nani kachukua maelezo?"

"Zamu ya usiku. Soma mwenyewe, mwandiko si wangu."

Akasoma. Jumanne, saa mbili asubuhi, fundi wa zamu katika mtambo wa hidrojeni aliingia chumba cha mabamba kukagua bomba. Hakutoka. Wenzake walimwita Mizani, kwa sababu alikuwa akisoma vipimo mpaka nukta ya mwisho na kumgombeza anayekadiria. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, mke, na watoto wawili. Maungio ya bomba yalikuwa yameachia, chumba kikajaa klorini, na king'ora hakikulia. Kingelia, feni za kunyonya hewa zingewaka zenyewe na mlango ungefunguka. Hakikulia kwa sababu kile kifaa kidogo cha kunusia gesi, ambacho wafanyakazi wanakiita pua, kilikutwa kimevishwa glavu ya mfanya usafi.

Na mfanya usafi alikuwa mmoja tu. Mtamboni aliitwa Mama Ndoo. Alikuwa mama mdogo wa marehemu, aliyemlea tangu akiwa wa miaka minne.

"Kalea mwenyewe, kaua mwenyewe," Mkuu wa Kituo alisema. "Dunia hii."

Sajini aliinua ule mfuko, akausogeza dirishani. Mdomo wa glavu ulikuwa bado umebanwa na utepe mweusi wa plastiki, ule wa kufungia nyaya, wenye meno yanayokwenda upande mmoja tu. Ukishakaza haurudi, unaukata au unauacha. Askari waliokwenda mtamboni walipasua glavu, wakauacha utepe ulivyo. Mkia wake ulikuwa umekatwa sambamba na kichwa, bila kubaki hata ncha ya kukwaruza kidole.

"Umeliona hili?"

"Nini?"

"Mkia."

"Sajini, watu wazima tunaongelea maiti, wewe unaongelea mkia."

"Nipe mpaka saa nane."

"Saba na nusu. Hakimu wa leo hapendi kusubiri."

"Na aliyeko ndani?"

"Aliyeko ndani amekiri," alisema Mkuu wa Kituo, akarudi kwenye chai yake.

*

Mama Ndoo alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, miguu kaikunja upande mmoja. Vidole vya mikono yote miwili vilikuwa vimechunika na kuwa vyeupe kwenye ncha. Kazi ya miaka sita ya kupiga deki kwa dawa ya klorini, mtamboni na kwingine kabla yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Umekula?"

"Kula kutanisaidia nini?"

Sajini alichuchumaa mbele yake. Akatoa mfukoni glavu mpya ya manjano, tepe tatu nyeusi za plastiki, na kipande cha bomba chenye unene wa mkono wa mtoto. Vyote alikuwa amevinunua duka la vifaa vya ujenzi, mkabala na kituo.

"Nionyeshe ulivyofanya."

"Nimeshasema nilivyofanya. Wameandika."

"Sisomi vizuri mwandiko wa wenzangu. Nionyeshe."

Mwanamke yule aliichukua glavu, akaivisha kwenye bomba. Hapo hapakuwa na shida. Akachukua utepe, akauzungusha, akapitisha ncha kichwani, akavuta. Ukachomoka. Alikuwa ameupitisha kinyume, meno nje. Akarudia, ukachomoka tena. Mara ya tatu alijaribu kuufunga fundo, kama mtu anavyofunga mfuko wa takataka, na plastiki ikafunguka yenyewe na kuruka chini.

"Mikono inatetemeka," alisema.

"Naona. Mkia uliukata na nini?"

"Na meno."

"Plastiki hii?"

"Meno yangu bado yapo yote."

"Ulifunga lini?"

"Jumatatu. Saa kumi, wakati wa deki."

"Kwa nini?"

"Ile pua inapiga kelele nikipiga deki. Inasikia dawa. Nikaiziba, nikasahau kuizibua." Alisema hayo moja kwa moja, kama mtoto anayesoma mbele ya darasa.

"Kabla ya Jumatatu ilikuwa wazi?"

Mama Ndoo aliokota utepe ulioruka, akaulaza pajani.

"Andika hivyo," alisema.

"Sikuulizi niandike nini. Nauliza ilikuwaje."

"Na mimi nakwambia, andika hivyo. Niacheni, jamani. Nimeua, nimesema nimeua. Mnataka nini tena?"

Sajini alikusanya vitu vyake. Mlangoni aligeuka.

"Wanamzika lini?"

"Leo saa tisa," alijibu yule mwanamke, na hapo ndipo alipoinamisha kichwa.

*

Kiwanja kile kina historia, na historia haifutiki kwa rangi ya mafuta. Kwanza palikuwa mashamba ya chumvi. Wanawake waliikanyaga pekupeku mpaka nyayo zikapasuka, na daktari wa kampuni akaandika "ngozi dhaifu". Kikaja kiwanda cha samaki wa makopo; mashine ikala vidole, na msimamizi akaandika "uzembe". Sasa ni hidrojeni ya maji ya bahari, nishati safi ya kuiokoa dunia, na kibao kipya chenye jani la kijani. Geti ni lile lile. Wenye geti wamepokezana, lakini yule anayeandika "uzembe" hafi wala hastaafu. Taarifa ya kampuni ilikuwa tayari imebandikwa kwenye ubao wa matangazo, tarehe ya Jumanne, saa sita mchana. Mizani hakuwa hata ameoshwa. Sajini alisoma mstari wa tatu, akalikuta neno lile limekaa kama mwenyeji.

Meneja wa mtambo alimpokea na kofia ngumu nyeupe mkononi.

"Vaa hii, Sajini. Usalama kwanza."

Alikuwa mtu mpole wa sauti, mwenye kueleza vizuri. Walipita kando ya mabomba makubwa yanayovuta maji, wakapita vichujio vinavyobakisha mchanga na magugu. "Wengine wote huondoa chumvi kwanza," alisema. "Sisi hatuondoi. Maji yanaingia na chumvi yake, umeme unayapasua kwenye mabamba, huku inatoka hidrojeni, huku oksijeni. Shida ya chumvi ni kwamba huzaa klorini. Mabamba yetu yamepakwa utando unaoizuia isizaliwe. Hakuna mwingine mwenye utando huo."

"Basi Mizani kauawa na nini?"

"Ni ajali. Kiasi kidogo sana, mahali padogo, na kifaa kimezibwa na mtu asiyejua anachokifanya."

Chumba cha mabamba kilikuwa kimesafishwa. Juu ya mlango kulikuwa na saa kubwa ya namba nyekundu, imesimama kwenye 431.

"Hii inahesabu nini?"

"Jaribio. Saa mia tano mfululizo, mtambo bila kusimama, pua bila kupiga king'ora cha klorini. Tungepata cheti. Zilibaki saa sitini na tisa tu." Akatikisa kichwa kwa huzuni, na huzuni yake ilikuwa ya kweli.

Sajini aliandika 431. Akapiga magoti. Klorini ni nzito kuliko hewa. Hulala sakafuni kama maji, kwa hiyo pua yake hufungwa chini, usawa wa goti. Hii ilikuwa ubavuni mwa bomba, mahali ambapo mtu anayepiga deki lazima aione. Juu yake palikuwa na kibati cha shaba kilichochongwa namba nne. Kilikuwa kimegeuka kijani, kikaota unga. Akatazama boliti za maungio yaliyoachia: zimeliwa shingoni. Akazikwangua kwa ukucha, kutu ikamwagika mkononi.

"Kibati hiki kiliwekwa lini?"

"Mtambo ulipofunguliwa. Mwezi wa tatu."

"Vibati vya vyumba vingine bado vinang'aa. Nimevipita."

"Hewa ya bahari," alisema Meneja.

"Inachagua chumba?"

Meneja alitazama mlangoni, kisha akashusha sauti. "Sajini, sipendi kusema mambo ya familia za watu. Lakini Jumatatu jioni wale wawili waligombana getini. Mama yule alimwambia kijana wake, 'Utakufa humo.' Mlinzi aliwasikia. Sisemi alikusudia. Nasema tu, uliza."

Sajini alikwenda kuuliza. Mlinzi alikuwa mtu wa makamo mwenye redio ndogo iliyofungwa kwa mpira.

"Nilisikia, afande. Wote waliokuwa wanatoka saa kumi na moja walisikia. Mama Ndoo akikasirika hana kificho."

"Alisemaje, neno kwa neno?"

"'Utakufa humo, mwanangu, utakufa humo.' Mara mbili."

"Kwa ukali?"

Mlinzi alifikiri. "Alikuwa amemshika shati. Kama unavyomshika mtoto asiingie barabarani."

"Na yeye?"

"Alicheka. Akamwambia, 'Zimebaki saa themanini na nne tu, mama.' Unamjua Mizani. Mwingine angesema siku tatu na kitu."

Sajini alihesabu pembeni mwa daftari. Jumatatu saa kumi na moja jioni, mpaka Jumanne saa mbili asubuhi: saa kumi na tano. Ondoa kwenye 431, inabaki 416. Mpaka mia tano, themanini na nne. Kwa hiyo mama alikuwa anaongelea kifo, na mtoto alimjibu kwa saa za jaribio. Watu wawili wanaogombana huongelea kitu kimoja: kifo alichokihofia mama kilikuwa ndani ya jaribio lile.

*

Chumba cha udhibiti kilikuwa juu, chenye kioo kirefu kilichotazama chini. Fundi aliyekaa pale aliitwa Miwani, na alikuwa nayo, minene, sikio moja la fremu limegandishwa kwa gundi. Alisimama mgeni alipoingia, akakaa, akasimama tena.

"Kaa, ndugu. Nataka usomaji wa pua namba nne. Tangu jaribio lianze."

"Meneja anajua?"

"Atajua."

Mashine ilitema karatasi ndefu. Sajini aliitandaza mezani, akazuia ncha kwa kikombe. Mstari ulikwenda chini chini, na kila baada ya mwendo fulani ukachomoza juu, mkali, kisha ukashuka.

"Haya meno ni nini?"

Miwani alitabasamu bila kutaka. "Hayo ni Mama Ndoo."

"Kivipi?"

"Saa kumi kila siku anapiga deki. Dawa yake ina klorini, pua inanusa, namba inapanda, kengele ndogo ya tahadhari inalia. Sisi huku tunasema 'Mama Ndoo kaingia', tunabonyeza kunyamazisha. Ni utani wetu tu. Kuna mwenzetu alikuwa anarekebisha saa yake ya mkono kwa ndoo ile. Hachelewi, yule mama. Hata Jumapili."

"Nionyeshe Jumatatu hii. Saa kumi."

Kidole cha Miwani kilitembea juu ya karatasi, kikasimama. Mstari ulikuwa umelala.

"Jumatatu hakupiga deki?"

"Alipiga. Alinipungia mkono, pale kwenye kioo."

"Jumapili?"

"Alipiga."

"Jumamosi?"

Miwani aliondoa kidole. Sajini alirudi nyuma kwa kidole chake mwenyewe, siku baada ya siku. Ijumaa, hakuna jino. Alhamisi, Jumatano, hakuna. Akafika Jumapili ya wiki ya juu, siku tisa kabla ya kifo, saa moja asubuhi, saa ya 214 ya jaribio. Kabla ya hapo palikuwa na meno tisa, yamepangana. Baada ya hapo ufizi mtupu: mstari mnyoofu wa sifuri, mpaka dakika ambayo mtu alikufa.

"Mara tisa amepiga deki mbele ya pua hii," alisema Sajini, "na mara tisa haikumsikia. Yeye ameniambia aliiziba Jumatatu."

"Mama Ndoo kasema hivyo?"

"Kakiri. Saa nane anasimama kizimbani."

Miwani alivua miwani yake, akaivaa tena. Alikuwa hajui. Uso wake ulibadilika rangi taratibu, kuanzia mdomoni.

Mlango ulifunguliwa. Meneja aliingia, safari hii bila kofia.

"Sajini, ungeniambia kama unahitaji kumbukumbu. Kuna utaratibu."

"Nimeshazipata, asante. Nieleze haya meno."

"Hiyo ni ndoo ya yule mama. Kila mtu hapa anajua. Kifaa kilikuwa kinadanganywa na dawa ya sakafu, kinatupigia kelele za bure."

"Kelele za bure zingeharibu jaribio?"

"Zikipanda mpaka king'ora, bila shaka."

"Sabuni ya unga haipatikani mjini?"

"Nini?"

"Kama shida ni dawa ya deki, mpe mama sabuni ya unga. Ni kazi ya nusu saa. Kwa nini hamkumpa?"

Sajini aliinama juu ya karatasi, akaweka kidole kwenye sehemu ya chini ya mstari, katikati ya jino la nane na la tisa.

"Kwa sababu si ndoo. Tazama huku chini, mahali ambapo hakuna meno. Siku ya kwanza ni sifuri. Siku ya nne, nukta moja. Siku ya saba, nukta mbili. Siku ya tisa, nukta tatu, na hii hapa ni saa tisa usiku. Nani anapiga deki saa tisa usiku?"

Chini ya sakafu pampu moja ilikuwa inaunguruma.

"Utando wenu ulikuwa unabanduka," alisema Sajini. "Klorini ilikuwa inatoka usiku na mchana, na pua ilikuwa inasema kweli. Ndiyo maana haikutosha kubadilisha sabuni. Ilibidi kuziba pua. Na aliyeiziba alisahau kitu kimoja tu: kwamba ndoo nayo isingesikika tena."

"Nitazungumza mbele ya mwanasheria wangu," alisema Meneja.

"Ni haki yako. Yule mama hakuna aliyemwambia kama na yeye anayo. Njoo na mwanasheria wako kituoni kabla ya saa saba na nusu. Usipokuja, nitakufuata."

Meneja alimtazama Miwani kwa muda mrefu kuliko ulivyohitajika. Kisha akatoka.

*

Sajini alitoa ule utepe uliobanwa, bado umo ndani ya mfuko wake wa nailoni, akauweka mezani.

"Hizi mnazo hapa?"

"Zipo tele, afande. Kila fundi anazo."

"Na koleo la kukatia mkia namna hii, sambamba?"

Miwani aliinama akautazama. "Alikuwa nalo Mizani. Hapendi ncha ibaki, anasema itamchana mtu."

"Nani mwingine anafanya kazi chumba kile?"

"Hakuna. Ni yeye peke yake."

"Basi imekwisha," alisema Sajini, akaanza kukunja karatasi. "Mizani kajizibia pua mwenyewe, kajiua kwa uzembe wake, na mama yake mdogo anambebea. Nitaandika hivyo."

"Si kweli!"

Miwani alikuwa amesimama. Kiti chake kilikuwa kimeanguka.

"Si kweli, afande. Usiandike hivyo. Mizani? Mizani alikuwa anarudi kutoka getini kuhakikisha kama amefunga koki! Alijizibia? Nani kakwambia alijizibia?"

"Hakuna aliyeniambia. Ndiyo maana niko hapa."

Mikono ya Miwani ilitafuta simu mfukoni, ikaipata, ikaishika bila kuiwasha.

"Nina mkataba wa miezi mitatu mitatu," alisema. "Nina watoto."

"Na yeye alikuwa nao. Na yule aliyeko mahabusu alikuwa na mmoja, wa kulea."

Sajini alitazama saa ya ukutani, hakumtazama yeye. Saa sita na dakika arobaini. Hatimaye Miwani akawasha simu, akapandisha ujumbe wa zamani, mpaka Jumapili ya wiki ya juu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akabonyeza. Sauti iliyotoka ilikuwa ile ile, ya upole, ya mtu anayeeleza vizuri.

"Mwambie Mizani hiyo pua namba nne aizibe. Leo hii, kabla zamu haijabadilishwa. Iwe hivyo mpaka saa mia tano ziishe. Sitaki tena habari za gesi. Asiyetaka, nje ya geti wapo mia wanaoitaka kazi yake."

Miwani alizima simu.

"Nilimfikishia mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyeshuka nikamwambia."

"Akajibu nini?"

"Aliniuliza kama ni amri au ni ombi."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia hapa sijawahi kuona tofauti yake."

Sajini aliandika. Akachukua simu, akaitia kwenye mfuko mwingine wa nailoni, akaandika hati ya kupokea kielelezo, tarehe na saa, akamsogezea kalamu. Miwani alisaini huku amesimama. Kisha akainua kiti chake, na hakukalia.

*

Mkuu wa Kituo aliusikiliza ujumbe mara mbili. Mara ya pili alifunga mlango kwanza. Aliangalia karatasi ndefu, meno tisa na ufizi, akaangalia utepe. Alikuwa mtu mvivu lakini hakuwa mjinga.

"Saa saba na ishirini," alisema. "Umenibakishia dakika kumi."

"Zitumie kupiga simu mahakamani."

Akaichukua ile hati ya mashtaka isiyo na sahihi, akaichana mara moja, katikati.

"Mtoe mama wa watu."

Sajini alifungua mlango wa mahabusu, akauacha wazi mpaka ukutani. Mama Ndoo hakuinuka.

"Unaweza kwenda, mama."

"Kwa nini? Nimekiri."

"Umekiri kitu ambacho hukufanya. Ulikuta pua imezibwa tangu wiki ya juu. Ulimwambia azibue. Jumatatu mkagombana getini."

Mwanamke yule alifumba macho. Alipoyafumbua, yalikuwa makavu.

"Usiandike, mwanangu. Nakuomba. Watasema alijiua. Watasema mjinga, kajiziba kwa mkono wake, na watoto wake wataambiwa hivyo mpaka wazeeke. Mimi nimeshakula chumvi nyingi. Jina langu likichafuka halina safari ndefu. La kwake wapo wa kulirithi."

"Nikikuandika wewe, Meneja leo analala kwake."

"Na ukimwandika yeye?"

"Nikimwandika yeye peke yake, Meneja analala kwake vile vile."

Nje, kaunta, mtu alikuwa anapiga mhuri, mmoja mmoja. Mama Ndoo alivuta miguu yake, akaikalia vizuri zaidi, kama mtu anayejiandaa kwa mazungumzo marefu.

"Nani alimtuma?" aliuliza.

"Meneja. Nina sauti yake."

"Aliniambia ni amri, sikujua ya nani. Alisema, 'Mama, usiwe na wasiwasi, ninazihesabu.'" Akavitazama vidole vyake. "Nilimwambia basi nitang'oa mimi, kwa dekio, nisingizie bahati mbaya. Akaniambia nikifanya hivyo watatufukuza wote wawili. Nikaacha. Hilo nalo liandike. Niliacha."

"Nitaliandika."

"Mkono ni wake. Siwezi kuukana mkono wake, niliushika mwenyewe kumfundisha kuandika. Lakini anza na aliyemtuma. Mstari wa kwanza. Sitoki humu mpaka nikusikie unausoma."

Sajini aliketi sakafuni, mkabala naye, mlango wazi nyuma yake. Akaandika upande mzima wa karatasi. Kisha akasoma kwa sauti ya kawaida, bila kupamba: kwamba Meneja aliamuru pua namba nne izibwe, kwamba aliamuru hivyo akijua klorini inapanda hata pasipo deki, kwamba amri ilifikishwa na fundi wa chumba cha udhibiti, kwamba marehemu alikubali na akafunga glavu kwa—

"Futa hapo."

"Wapi?"

"'Alikubali.' Mtu mwenye watoto wawili anaambiwa wapo mia nje ya geti, huko ndiko kukubali? Weka alivyotishiwa, kisha uweke alichofanya."

Sajini alikata neno lile kwa mstari mmoja, akaandika juu yake. Akasoma tena. Mama Ndoo alisikiliza mpaka mwisho, mdomo ukifuatisha. Akatoa mkono, akapewa kalamu, akasaini kwa vidole vile vilivyochunika, taratibu, bila kutetemeka.

Ilikuwa saa nane na robo. Sajini alimshika kiwiko kumwinua, na wakatoka pamoja hadi kaunta. Kwenye benchi la mbao, chini ya orodha ya haki za mshtakiwa, alikuwa ameketi Meneja, na kando yake mwanasheria mwenye mkoba magotini. Meneja alipomwona, aliinuka upesi, akaunganisha viganja.

"Mama," alisema kwa sauti yake ya upole. "Pole sana na msiba. Sote pale mtamboni—"

"Keti, baba," alisema Mama Ndoo. "Hujaulizwa bado."

Meneja akaketi. Mama Ndoo akajifunga mtandio wake, akamwuliza askari wa kaunta njia fupi ya kufika makaburini, akaenda kumzika mwanawe.